Mlango ulihama, maneno yakanikimbia

Kila onyesho likiisha, hakosekani mtu wa kunifuata nyuma ya jukwaa na swali lile lile: hivi maneno yote yale unayashikaje? Anayeuliza huwa anategemea nimpe siri, au nimwambie nimezaliwa na kichwa cha ajabu. Zamani nilikuwa najibu kwa mkato, "mazoezi tu," tunaagana. Siku hizi nina jibu refu, na nimeshaona nyuso zikichoka kabla sijafika katikati. Nasema maneno siyashiki kwa masikio, nayashika kwa miguu, na sehemu kubwa ya kazi hiyo hufanyika nikiwa nimelala fofofo. Wengine hucheka wakidhani natania. Basi leo nimeamua kuliandika lote, nikiulizwa tena natuma kiungo.

Mimi ni mwigizaji wa jioni. Mchana nina kazi nyingine isiyohusiana kabisa na haya, jioni nakutana na wenzangu ukumbini tunafanya mazoezi mpaka mlinzi aanze kutikisa funguo. Wakati wa mazoezi hatuna kuta wala milango. Mwongozaji wetu hubandika tepu nyeupe sakafuni: mstari huu ni ukuta, pengo hili ni mlango, mraba ule ni meza. Ukikanyaga mstari anakupigia kelele kwamba umepita ndani ya ukuta. Kwa anayetazama mara ya kwanza ni kichekesho, watu wazima wanaikwepa hewa. Lakini baada ya muda ukuta ule unaanza kuwapo kweli. Nimewahi kumwona mwenzangu akikunja bega apite mlangoni, na mlango wenyewe ni tepu.

Katika igizo moja nilikuwa na tukio la kuingia na barua mkononi. Naingia kwa mlango wa kushoto, hatua tatu, nasimama kwenye kona ya meza, naweka vidole vya mkono wa kulia juu ya ubao, halafu nasema: "Nimeisoma yote, mpaka saini." Baada ya hapo ni hotuba ndefu. Maneno yale yalikuwa yamekolea kiasi kwamba sikuwa nayatafuta. Nikigusa meza yanakuja yenyewe. Onyesho lilipokaribia, mafundi wakagundua kwamba mlango wa mbao hautaenea upande wa kushoto kwa sababu ya nguzo. Mwongozaji akabandua tepu, akahamishia mlango kulia. Kitu kidogo tu, alisema. Nikaingia kwa kulia, nikafika kwenye kona ya pili ya meza, nikagusa ubao kwa mkono wa kushoto, nikafungua mdomo. Kimya. Ningekuwa nimekosea neno ningelirekebisha, lakini hapakuwa na kitu cha kurekebisha. Nikanong'onezewa sentensi ya kwanza, nikaisema, ya pili ikagoma.

Wote tuliokuwa tunaingia na kutoka kwa mlango ule tuliharibikiwa usiku ule. Aliyesalimika ni mzee aliyeigiza babu. Yeye hukaa kwenye kiti kimoja tangu taa ziwake mpaka zizimwe, na kiti chake hakikuguswa. Hakupoteza hata neno moja, na alihakikisha tunajua.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma kuhusu ubongo na kumbukumbu.

Ukipenya ndani ya kichwa kwa usawa wa sikio, kila upande kuna kiungo kirefu kilichojikunja mfano wa farasi wa baharini. Ndiyo hipokampasi. Mwaka 1971, John O'Keefe na mwenzake Jonathan Dostrovsky, wakiwa University College London, walichapisha ripoti fupi kuhusu nyaya nyembamba mno walizozipitisha mpaka kwenye kiungo hicho katika ubongo wa panya walioachwa huru kutembea. Kila waya ulisikiliza seli zilizo karibu nao. Walichokutana nacho ni hiki: seli moja inakaa kimya panya anapozurura, kimya, kimya, halafu akipita mahali fulani inalipuka kwa milio mfululizo, yaani mipigo midogo ya umeme. Akitoka pale, inanyamaza. Akirudi, inalia tena. Seli ya jirani nayo ina mahali pake pengine. Zikaja kuitwa seli za mahali. Ukiwa na seli za kutosha zinazosikilizwa kwa pamoja, unaweza kujua panya yuko wapi bila kumtazama, kwa kuangalia tu ni zipi zinazolia.

Wazo kwamba mnyama hubeba ramani kichwani lilikuwapo kabla yake. Edward Tolman aliliandika mwaka 1948, akipingana na waliodai kwamba panya hujifunza mfuatano wa kugeuka tu, kulia kisha kushoto. Tofauti ni kwamba Tolman aliikisia ramani kwa kutazama mwenendo wa panya, na O'Keefe akaisikia ikifanya kazi.

Sasa njoo kwenye mlango wangu. Mwaka 1987 Robert Muller na John Kubie walimweka panya ndani ya chombo cha duara chenye kuta za kijivu na kadi moja nyeupe ukutani. Seli za mahali zikajipanga kwa kuitegemea kadi. Walipoizungusha kadi, mahali pa seli pakazunguka nayo, wakati sakafu ilikuwa ile ile na panya ni yule yule. Walipobadilisha umbo la chombo, mambo yalikwenda mbali zaidi: seli nyingine zilinyamaza kabisa, nyingine zilizokuwa kimya zikaanza kulia, na zilizoendelea kulia zikalia sehemu ambayo usingeweza kuitabiri kutokana na mahali pake pa awali. Seli zile zile, ramani mpya.

Mimi si panya, na hakuna aliyewahi kunipitishia waya kichwani. Lakini ukinitaka nieleze yaliyonipata usiku ule, nitakuambia kwamba mlango ulikuwa kadi yangu nyeupe. Hotuba yangu nilikuwa nimeifunga kwenye ramani moja, na mwongozaji akanipa ramani nyingine akidhani amehamisha tepu tu.

Seli za mahali hazifanyi kazi peke yake. Kuna seli za uelekeo, ambazo James Ranck alizitambulisha mwaka 1984: kila moja hulia kichwa kinapoelekea upande wake, bila kujali uko sehemu gani ya chumba. Zipo zinazolia ukikaribia ukingo au ukuta. Na zipo zile zilizonifanya niache kusoma nikazunguke chumbani kidogo, seli za gridi, zilizotangazwa mwaka 2005 na kundi la May-Britt Moser na Edvard Moser huko Trondheim, Norwei. Hizi haziko ndani ya hipokampasi, ziko kwenye gamba la jirani linaloilisha habari. Seli moja ya gridi haina mahali pamoja, ina mahali pengi, na ukiweka alama sakafuni kila inapolia, alama zinajipanga kwa pembetatu zenye pande sawa, zikitapakaa sakafu nzima. Hakuna aliyechora pembetatu zile kwenye sakafu. Panya anatangatanga ovyo akiokota chakula, na ndani ya kichwa chake seli moja inaigawa sakafu kwa vipimo. O'Keefe na akina Moser walishirikiana Tuzo ya Nobel ya mwaka 2014.

Jambo moja kuhusu gridi ni la kwetu kabisa waigizaji: taa zikizimwa, haipotei. Inaendelea kuhesabu kutokana na mwendo wa mwili wenyewe. Kati ya tukio na tukio, jukwaa letu huwa giza totoro kwa sekunde chache, na ndani ya sekunde hizo unatakiwa utoke, ukwepe meza, umpishe anayeingia na kiti, ushuke ngazi. Hakuna anayepapasa. Ukimwuliza mtu anajuaje ngazi ziko wapi, atakuambia anajua tu.

Haya yote ni ramani. Kumbukumbu je?

Kwa upande huo historia inaanza na mtu mmoja, na sijui namna ya kumsimulia bila kumwonea huruma. Henry Molaison alizaliwa mwaka 1926, akasumbuliwa na kifafa kikali mpaka akashindwa kufanya kazi. Mwaka 1953, akiwa na miaka 27, daktari William Scoville alimfanyia upasuaji huko Hartford, Marekani, akamtoa sehemu kubwa ya hipokampasi pande zote mbili pamoja na nyama iliyoizunguka. Kifafa kilipungua. Lakini kuanzia siku hiyo Henry hakuweza tena kuweka tukio jipya kichwani. Alizungumza vizuri, akili yake ilikuwa timamu, utoto wake aliukumbuka. Ila ukitoka chumbani na kurudi baada ya dakika kadhaa, anakusalimia upya kama mgeni. Brenda Milner, aliyemchunguza na kuandika pamoja na Scoville mwaka 1957, alilazimika kujitambulisha kwake kila mara. Katika maandishi ya kitaalamu aliitwa H.M., na jina lake halikutangazwa mpaka alipofariki mwaka 2008.

Milner alimpa kazi ya kuchora nyota huku akitazama mkono wake kwenye kioo tu. Jaribu mwenyewe uone mkono unavyokaidi. Henry alifanya kazi hiyo kwa siku tatu, na kila siku alikuwa bora kuliko jana yake, ingawa kila siku aliapa hajawahi kuiona. Mkono ulikuwa umejifunza na mwenye mkono hana habari. Tangu hapo ikawa wazi kwamba ufundi wa mwili una njia yake na matukio yana njia yake. Hata mimi nikiwa nimepoteza hotuba nzima, mkono uliendelea kushika barua vilevile, kwa vidole viwili, kama nilivyofundishwa.

Kuna sehemu ya habari ya Henry ambayo hutajwa kwa nadra, nami ndiyo inayonivutia kuliko nyota. Miaka mitano hivi baada ya upasuaji, familia yake ilihamia nyumba nyingine. Kwa hesabu ya kawaida asingeweza kuifahamu nyumba ile kamwe. Lakini Suzanne Corkin, aliyemfuatilia kwa miongo kadhaa, alieleza kwamba Henry aliweza kuchora mpango wa vyumba vya nyumba hiyo, vikiwa mahali pake. Maelezo ya Corkin ni kwamba sehemu chache za jirani zilizobaki, pamoja na kutembea mle ndani kila siku kwa miaka, zilitosha kuijenga ramani hiyo polepole. Mtu asiyeweza kukumbuka chakula alichotoka kula dakika ile aliijua korido yake.

Na kwa nini utoto ulibaki? Mfaransa Théodule Ribot alikuwa ameshaandika mwaka 1881 kwamba ubongo ukiumia, mapya huondoka kwanza na ya kale hubaki. Maana yake kumbukumbu ina umri, na ikikua inabadilika. Mwaka 1900 Wajerumani wawili, Georg Müller na Alfons Pilzecker, waliwapa watu silabi zisizo na maana wazikariri, kisha wakawapa orodha nyingine. Orodha ya pili ikifuata mapema mno, ya kwanza inaharibika. Wakahitimisha kwamba baada ya kujifunza kuna kipindi ambacho kilichojifunzwa bado ni kibichi na kinaendelea kukomaa. Kwa lugha ya jukwaani: ukimaliza tukio la kwanza usikimbilie la pili.

Nadharia inayofundishwa sana leo ni kwamba hipokampasi hushika haraka na gamba la ubongo, lile tabaka la juu lililoufunika, hushika taratibu. Tukio likitokea mara moja tu, hipokampasi huunganisha vipande vyake: sauti, sura, mahali. Kisha kwa siku, wiki, pengine miaka, gamba hufundishwa kidogo kidogo mpaka liweze kujitegemea. Mtu atauliza kwa nini gamba lisishike haraka tangu mwanzo. James McClelland, Bruce McNaughton na Randall O'Reilly walijibu mwaka 1995 kwamba likifanya hivyo, kipya kitakifuta cha zamani. Lazima kipya kichanganywe na cha zamani kwa zamu nyingi. Wako pia wasiokubaliana na nadharia hiyo yote. Lynn Nadel na Morris Moscovitch walidai mwaka 1997 kwamba tukio lenye picha na harufu zake, lile unaloweza kurudi ndani yake, huihitaji hipokampasi maisha yote, na kinachohamia kwenye gamba ni muhtasari. Mimi nimeegemea upande wa hawa wawili. Igizo nililocheza zamani sana nalikumbuka kisa chake bila shida, lakini nikitaka maneno yenyewe lazima nisimame, nifumbe macho na niingie tena kwa mlango wake.

Hizo zamu nyingi za kufundisha gamba zinapatikana lini? Hapa ndipo usingizi unapoingia, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo utamu ulipo.

Mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton waliwasikiliza panya kwa seli nyingi kwa wakati mmoja: kabla ya mbio, wakati wa mbio, na katika usingizi uliofuata. Seli za mahali zilizolia pamoja panya alipokuwa akikimbia zililia pamoja tena akiwa amelala usingizi mzito. Miguu imetulia, macho yamefumba, na ndani seli za njia ile zinaitana. Mwaka 2002 Albert Lee na Wilson walionyesha kwamba hata mpangilio unahifadhiwa, seli ya mwanzo wa njia kwanza, ya katikati inafuata, ya mwisho mwishoni, ila kwa kasi ya karibu mara 20. Safari ya sekunde kadhaa inarudiwa ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde. Marudio hayo hubebwa na mshtuko mfupi wa viwimbi vya umeme vya haraka mno ndani ya hipokampasi, karibu viwimbi 200 kwa sekunde, ambavyo hutokea katika usingizi mzito na pia mnyama anapotulia akiwa macho.

Inawezekana, bila shaka, kwamba huo ni mwangwi tu usio na kazi. Nami ndivyo nilivyodhani niliposoma mara ya kwanza. Kundi la Michaël Zugaro huko Paris, kazi ikiongozwa na Gabrielle Girardeau, likatafuta njia ya kupima mwaka 2009. Panya walijifunza kutafuta chakula kwenye njia zenye matawi, kisha wakaachwa walale. Kwa kundi moja, kila viwimbi vilipoanza kompyuta ilivikata kwa mshtuko mdogo wa umeme. Kundi la pili lilipata mishtuko ile ile, lakini kwa kuchelewa kidogo, viwimbi vikiwa vimeshapita. Usingizi ulikuwa sawa, umeme ulikuwa sawa. Waliokatizwa viwimbi wakajifunza vibaya. Jaribio la namna hii ndilo ninalolipenda: halikuachii kona ya kujificha.

Kuna lingine la mwaka 2006, la David Foster na Wilson. Panya anakimbia mpaka mwisho wa njia, anasimama, anakula. Pale pale aliposimama, akiwa macho kabisa, seli zinairudia njia aliyotoka kuikimbia, kinyumenyume, kutoka alipo mpaka alipoanzia. Nilipolisoma nilimkumbuka mwenzangu mmoja ambaye kila tukio likiisha hukaa kwenye ngazi za pembeni, hasemi na mtu, anatazama ukuta. Tulikuwa tunamwona ana maringo.

Kwa binadamu hatuwezi kupitisha nyaya ovyo, lakini kuna ushahidi wa namna nyingine. Mwaka 2007 Björn Rasch, Jan Born na wenzao waliwapa watu mchezo wa kukumbuka jozi za kadi ziko sehemu gani, huku harufu ya waridi ikipulizwa chumbani. Walipolala usingizi mzito, walipuliziwa harufu ile ile tena. Asubuhi walikumbuka mahali pa kadi vizuri zaidi kuliko harufu isipopulizwa. Harufu haikusaidia ikipulizwa wakiwa macho, wala katika usingizi wa ndoto. Na haikusaidia kazi ya kubonyeza vidole kwa mpangilio, jambo linalokubaliana na nyota ya Henry: vidole vina njia yao.

Msinielewe vibaya hapa, kwa sababu nina mwenzangu aliyenielewa vibaya. Alirekodi maneno yake asiyoyajua bado, akawa analala na simu ikimsomea usiku kucha, akitegemea ataamka ameyameza. Aliamka na macho mekundu. Harufu ya waridi iliamsha kitu ambacho watu walikuwa wamekwisha kukisoma wakiwa macho. Haikumwingizia yeyote kadi ambayo hakuwahi kuiona.

Ninachokifanya mimi ni rahisi mno kiasi kwamba watu hawakiamini. Nasoma ukurasa jioni, nikitembea, kwa njia ile ile nitakayotembea jukwaani. Kisha naweka mswada chini na nakaa bila kufanya lolote kwa dakika kadhaa. Simu iko chumba kingine. Michaela Dewar na wenzake walionyesha mwaka 2012 kwamba wazee waliosikiliza hadithi fupi kisha wakapumzika dakika 10 kwenye chumba chenye giza waliikumbuka vizuri zaidi kuliko hadithi iliyofuatiwa na mchezo wa kulinganisha picha kwa dakika hizo hizo, na tofauti ilikuwapo hata siku saba baadaye. Dakika 10! Vijana wa kundi letu wakipewa mapumziko wanatoa simu kabla hata hawajakaa, wanatazama video za watu wanaoanguka. Kila video ni orodha ya pili ya Müller na Pilzecker. Nimesema mpaka nimechoka.

Halafu nalala. Kukesha na mswada usiku wa kuamkia onyesho niliacha, na anayekesha karibu yangu namnyang'anya.

Kuna upande mwingine wa habari hii usiofurahisha. Mwaka 2000 Karim Nader, Glenn Schafe na Joseph LeDoux walifundisha panya kuogopa mlio fulani, wakaiacha hofu ikomae. Baadaye wakawasikilizisha mlio tena, kisha wakadunga dawa ya kuzuia utengenezaji wa protini kwenye amigdala, sehemu ya ubongo inayohusika na hofu. Hofu ikapotea. Waliodungwa bila kukumbushwa mlio walibaki na hofu yao. Maana yake kumbukumbu iliyokomaa, ukiiita, inaweza kulainika tena na kuhitaji kukomazwa upya, na katika kipindi hicho inaharibika. Mwigizaji anayebadilisha neno kila usiku kwa sababu "hadhira haijui" anajiandikia upya mswada bila kujua. Baada ya maonyesho kadhaa mwulize neno la asili, ataapa kwamba analosema ndilo.

Madereva wa teksi wa London nitawapitia mbio, kwa kuwa kila anayeandika kuhusu ubongo huwataja. Eleanor Maguire alionyesha mwaka 2000 kwamba sehemu ya nyuma ya hipokampasi yao ni kubwa kuliko ya wengine, na mwaka 2011, pamoja na Katherine Woollett, akaonyesha kwamba inakua wakati wa kujifunza mitaa, kwa waliofaulu mtihani tu.

Afadhali nimalizie na panya wa Edinburgh, kwa kuwa hawa wamebadilisha namna ninavyowapokea wageni kwenye kundi. Mwaka 2007 Dorothy Tse, Richard Morris na wenzao waliwafundisha panya, kwa wiki kadhaa, uwanja mdogo wenye mashimo ya mchanga: ladha hii chakula chake kiko shimo hili, ladha ile shimo lile, jozi sita kwa jumla. Kazi ilikwenda polepole. Walipoujua uwanja vizuri, wakaongezewa jozi mbili mpya, wakazishika kwa mara moja tu. Hipokampasi yao ilipoharibiwa saa 48 baadaye, jozi mpya zilikuwa bado zipo. Gamba lilikuwa limeshazipokea. Ilipoharibiwa saa tatu tu baada ya somo, zilipotea. Kazi ambayo kwa kawaida ingechukua wiki nyingi ilikwisha ndani ya siku mbili, kwa sababu palikuwa na uwanja unaojulikana wa kuzipandikizia.

Mgeni akijiunga nasi huona wakongwe wanashika ukurasa kwa jioni moja na yeye bado anahangaika na sentensi tatu, akaanza kujidharau. Hajui kwamba sisi tunaongeza jozi mbili kwenye uwanja wa zamani, na yeye anajifunza uwanja na jozi kwa pamoja. Kwa hiyo simpi mswada siku ya kwanza. Namwambia atembee. Apande jukwaani, ashuke, ajue pazia linafungukia wapi, apite kwenye milango yote ya tepu huku na huku, azimiwe taa atafute ngazi mwenyewe. Mswada atapewa kesho. Mwongozaji anasema namlia muda wa mazoezi, na kila mgeni akija tunabishana upya.